Kutafuta na Kutumia Tena Amri Iliyopita

Tuchukue kazi moja. Unahifadhi picha za mifereji ya kale ya Oman: Falaj Daris wa Nizwa na Falaj al-Jeela wa upande wa Sur, yote miwili katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006. Picha za Daris umekwisha kuzinakili kwa amri hii:

rsync -av picha/daris/ nakala/daris/

Sasa ni zamu ya Jeela. Usiiandike amri upya. Itoe kwenye historia, yaani orodha ya amri ambayo Bash, programu inayopokea amri zako kwenye terminali, huiweka katika faili la .bash_history.

1. Thibitisha kwamba unatumia Bash. Andika:

echo $BASH_VERSION

Namba ikitokea, endelea. Pasipotokea kitu, simama hapo: kompyuta za Mac tangu 2019 hutumia kwa kawaida zsh, programu nyingine ya aina hiyo, na hatua hizi si zake.

2. Tafuta amri:

history | grep daris

Mstari wa mwisho ni utafutaji wako wenyewe, uache. Soma namba iliyo kushoto mwa amri ya rsync. Hapa tuseme ni 412. Wewe weka yako.

3. Ionyeshe bila kuitekeleza:

!412:p

Alama za :p huagiza Bash ichapishe tu. Hakiki kwamba ndiyo amri uliyoikusudia.

4. Badili jina, ukiwa bado na :p mwishoni:

!412:gs/daris/jeela/:p

Herufi g ndiyo roho ya hatua hii. Ukiisahau, litabadilika neno la kwanza pekee, na picha za Jeela zitaingia kimyakimya katika folda ya Daris. Njia ya mkato ya ^daris^jeela ina kasoro hiyohiyo, kwa hiyo siipendekezi. Hakiki kwamba jeela limeonekana mara mbili na daris halipo kabisa.

5. Tekeleza. Bonyeza mshale wa juu mara moja. Amri iliyochapishwa itarudi. Isome, kisha bonyeza Enter.

6. Linganisha idadi:

ls picha/jeela | wc -l
ls nakala/jeela | wc -l

Ikiwa folda ya nakala ilikuwa mpya, namba mbili lazima zilingane.

7. Hifadhi historia kwa history -a. Kwa kawaida Bash huandika faili lake unapofunga terminali. Umeme ukikatika kabla ya hapo, amri za kikao hicho hupotea.

Amri yenye rm usiiite kamwe kwa namba tupu. Ipitishe kwanza hatua ya 3, kila mara.