Kubadilisha Nguzo za Ua Zilizoshikwa na Sakafu ya Saruji

Katika nyumba nyingi, nguzo za ua husimamishwa kwanza, kisha sakafu ya saruji humwagwa kuzizunguka. Baada ya miaka kadhaa nguzo huanza kuyumba. Lawama huwaendea mchwa, lakini mara nyingi mti umeoza pale unapokutana na sakafu. Maji ya mvua hukusanyika katika ufa mwembamba ulio kati ya mti na saruji, yakakosa pa kutokea. Nguzo mpya ikitiwa katika shimo hilo bila kuyatafutia maji njia, nayo itaoza vivyo hivyo.

Kukagua

Dunga mti kwa bisibisi, usawa wa sakafu. Bisibisi ikizama kwa urahisi, nguzo haifai tena. Ua wa mabati hushika upepo kama tanga, na nguzo iliyooza inaweza kumwangukia mtoto anayecheza karibu. Wakati mzuri wa kuibadilisha ni kabla ya mvua ndefu za Machi hadi Mei.

Kabla ya kuanza

• Hakikisha hakuna bomba la maji wala waya wa umeme chini ya sakafu.
• Usisogeze ua wala kugusa bikoni za mpaka. Kwa ardhi iliyosajiliwa, mzozo wa mpaka hupelekwa kwanza kwa Msajili wa Ardhi, kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012. Ni vyema kumjulisha jirani mapema.
• Egemeza ua kwa miti pande zote mbili kabla ya kung'oa chochote.

Kuondoa nguzo ya zamani

1. Ng'oa misumari na utenge mabati au waya.
2. Kata nguzo, ukiacha kisiki cha kushikika juu ya sakafu.
3. Toboa kisiki na ukichokoe kwa patasi. Kikilegea, kiinue kwa mtaimbo ulioegemezwa juu ya ubao ili sakafu isipasuke.
4. Kisiki kikigoma, kata mraba wa sentimita 30 kila upande kwa grainda yenye kisahani cha kukatia mawe, kisha uvunje kwa nyundo na tindo. Vaa miwani na barakoa, na unyunyize maji kabla ya kuvunja, kwa sababu vumbi la saruji hudhuru mapafu. Usinyunyize maji karibu na mashine ya umeme.

Kusimamisha nguzo mpya

1. Kwa ua wa urefu wa mita 1.8, tumia nguzo ya mita 2.4 na shimo la kina cha sentimita 60. Chimba zaidi, sentimita 10 hadi 15, ili kuweka kokoto chini.
2. Shindilia kokoto na usimamishe nguzo juu yake. Hapo ndipo maji yatapata njia ya kutokea.
3. Nyoosha nguzo kwa pimamaji na uiegemeze.
4. Changanya saruji, mchanga na kokoto kwa kipimo cha 1:2:4, ukivaa glavu. Jaza shimo ukishindilia.
5. Inua sehemu ya juu sentimita 2 au 3 kuliko sakafu, ikiteremka kuelekea nje, ili maji yaikimbie nguzo.
6. Mwagilia maji kila siku kwa siku 7 kabla ya kurudisha mabati.

Wengine hufunga nguzo ya chuma juu ya sakafu kwa bamba na bolti. Njia hii inafaa ua mfupi wa waya, tena sakafu iwe nene na isiyo na nyufa. Ua mrefu wa mabati utaing'oa upepo ukivuma.

Mabaki yasiwe kuni

Nguzo nyingi zilizotiwa dawa huwa na rangi ya kijani, ambayo hufifia kadiri miaka inavyopita. Dawa inayotumiwa sana ina shaba, kromiamu na aseniki. Nguzo hizo zikichomwa, moshi huwa na sumu, na sumu hubaki pia katika majivu. Zisipikiwe, na majivu yake yasimwagwe shambani. Nguzo isiyojulikana ilikotoka ichukuliwe kuwa imetiwa dawa.