Sanamu Yako Itasimama Wapi?

Ukitoka Bagamoyo mjini kilomita chache kwenda kusini, unafika Kaole. Misikiti na makaburi yake ya nguzo yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mengine yamepigwa na upepo wa bahari kwa zaidi ya miaka 500. Naanzia hapo kwa sababu wanunuzi wengi wa sanamu katika mwambao huu huuliza bei na kimo tu. Swali la kwanza liwe: itasimama wapi? Huku kwetu hewa yenyewe ina chumvi.

Mpingo ni wa ndani ya nyumba. Kiini chake ni cheusi, kizito hata kinazama majini, ndiyo maana wachongaji wa Kimakonde waliupenda. Kabla hujalipa, inua kinyago uone uzito wake, kisha sugua kitako kwa kitambaa kibichi. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, pengine huo ni mti mwingine uliopakwa kiwi. Mpingo hukauka polepole sana. Gogo lililochongwa likiwa bichi hupasuka baadaye, hasa likiwekwa kwenye chumba chenye kiyoyozi au dirishani penye jua. Ukitaka kusafirisha mzigo mkubwa nje ya nchi, waulize kwanza Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) kuhusu vibali, maana mpingo uko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu mwaka 2017.

Saruji ndiyo inayoniuma zaidi, kwa kuwa huharibika kwa makosa yanayoepukika. Saruji inaweza kubeba jambo zito: kule Mkunazini, Zanzibar, ukumbusho wa watumwa uliotengenezwa na Msweden Clara Sörnäs mwaka 1998 ni sanamu za watu waliosimama ndani ya shimo, shingoni wamefungwa mnyororo. Lakini sanamu ya saruji ina mifupa ya nondo na wavu wa waya. Fundi akichota mchanga ufukweni, anaingiza chumvi ndani ya mwili wa sanamu. Nondo hushika kutu, kutu huvimba, saruji hupasuka kutoka ndani. Ukiona michirizi ya kahawia kwenye mkono au shingo ya sanamu, ugonjwa umeshaanza, na kupaka rangi juu yake ni kuuficha tu.

Kwa hiyo dai mchanga wa mto na maji baridi ya kunywa. Nondo zifunikwe kwa saruji ya unene wa sentimita nne au tano, na pale ambapo umbo ni jembamba mno kwa hilo, kama vidoleni, zitumike waya zisizoshika kutu. Kazi ikimalizika ifunikwe magunia na imwagiliwe maji kwa siku saba angalau. Fundi anayekuahidi kukabidhi baada ya siku mbili, mkatalie.

Chuma chakavu kilichochomelewa hutoa maumbo mazuri, ila kisuguliwe mpaka king'ae, kipakwe rangi ya kuzuia kutu mara mbili, na kioshwe kwa maji yasiyo na chumvi kila mara. Shaba ni ghali lakini huvumilia: sanamu ya Askari pale Dar es Salaam imesimama tangu 1927.

Jiwe la matumbawe lichukuliwe la machimbo ya nchi kavu. Matumbawe hai ni makazi ya samaki, yaachwe baharini. Jiwe likipata ufa, lizibwe kwa chokaa. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, huzuia unyevu kutoka na jiwe humenyeka pembeni yake.

Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa tangu 1981, na wachongaji hawakosekani mjini. Ukishampata wako, kabla ya kutoa malipo ya kwanza mpeleke mpaka mahali sanamu itakaposimama, aone jua linapochomoza na upande unaopigwa na upepo wa kusi.