SOMO LA FUNDI: VIPANDE VIDOGO VYA LORI KUUKUU

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano uliopita wengi wenu mliuliza habari ya malori makuukuu yaliyosimama chini ya miembe mashambani mwetu. Wako waliosema yauzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na wako waliosema yatengenezwe, kwa kuwa bei ya lori jipya haishikiki. Leo twapenda kutoa somo juu ya sehemu moja tu ya matengenezo hayo, nayo ni vipande vidogo: bolti, nati, parafujo, bawaba, springi, pini na vibati vyake. Tutaeleza namna ya kuvivua, kuvisafisha, kuvikinga na kutu, na kuvirudisha mahali pake.

Habari ya injini tumeiacha kwa makusudi. Injini ina fundi wake, na kila apitaye huitazama. Vipande vidogo havina mwenyewe. Hutupwa ndani ya kopo moja, vikachanganyika, na siku ya kuunganisha kila mtu huokota kinachomwelekea. Hapo ndipo hatari ianzapo.

Hatari yenyewe ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ya mali. Karafuu mbichi zikilundikwa usiku kucha kwa sababu lori limeharibika njiani, hupata joto na kuchacha, na zikikauka hupauka, na daraja lake hushuka. Ya pili ni ya roho za watu. Lori lishukalo mlima likiwa na magunia, na wachumaji wamekaa juu ya magunia, breki zake zashikwa na pini ambayo unene wake haupiti njiti ya kiberiti. Pini hiyo ikikatika hakuna injini nzuri itakayowaokoa.

Tuliyoyaona Mwanza

Somo hili tulilipata Mwanza, tulipokwenda huko kwa shughuli za chama. Karibu na ziwa tulikuta karakana ndogo inayofufua lori la Bedford la zamani, la aina ya TJ iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958. Malori ya jinsi hiyo wazee wetu wayakumbuka hapa visiwani, yenye mabodi ya mbao. Kule Usukumani wakulima wenzetu waliyatumia kubebea pamba, katika siku za Victoria Federation of Co-operative Unions, umoja wa vyama vyao ulioundwa mwaka 1955.

Kilichotushangaza ni ukuta wa karakana. Ulijaa makopo, na kila kopo lina namba, na kila namba imeandikwa katika daftari. Tulipouliza kwa nini juhudi yote hiyo kwa bolti kuukuu, tulielezwa kwamba ni desturi ya tangu zamani katika pwani za ziwa lile, nao wameirithi kutoka kwa watu wa meli.

Maelezo hayo ni ya kweli, na yafaa tuyafahamu. Meli kubwa haiwezi kufika Ziwa Victoria kutoka baharini. Kwa hiyo meli ya William Mackinnon ilijengwa Paisley, huko Uskoti, mwaka 1890, ikafungwa kwa bolti, kila kipande kikatiwa namba, kisha ikafunguliwa yote na kuletwa Afrika Mashariki vipande vipande. Iliunganishwa Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900, kabla reli haijafika pale mwishoni mwa mwaka 1901. Meli ya Victoria nayo ilijengwa kwa njia hiyohiyo na kiwanda cha Yarrow cha Glasgow, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Baada ya matengenezo makubwa yaliyofanyika Mwanza, na kutiwa injini mpya, ilirudi kazini mwezi wa Agosti 2020.

Basi tuzingatie. Mamia ya vipande vilivuka bahari na nchi kavu, vikashikwa na mikono ya watu wasiojuana, na bado meli ilisimama. Kilichoiwezesha kusimama ni namba. Tukilivua lori letu bila namba, hata fundi hodari atabahatisha.

Jambo la kwanza: kuvua kwa hesabu

Kabla hujalegeza nati moja, piga picha ya mahali hapo kwa simu, kwa mbali na kwa karibu. Kisha tayarisha makopo yenye vifuniko na daftari moja. Kila sehemu ya lori iwe na kopo lake: mlango wa kulia, mlango wa kushoto, breki ya mbele kulia, na kadhalika. Usichanganye kulia na kushoto hata kama vipande vyafanana.

Usiandike namba kwenye karatasi, kwani mafuta ya taa huifuta. Kata vibati vidogo, vigonge namba kwa msumari, na uvifunge kwa waya. Bolti ikishatoka, irudishie nati yake na washa zake kwa mpangilio uleule zilivyokuwa, ndipo uitie koponi. Bolti ndefu na fupi za mahali pamoja zichomeke katika kipande cha boksi, kwa umbo la kile zilichokuwa zikikifunga.

Jambo la pili: kusafisha

Grisi na tope huondoka kwa mafuta ya taa na brashi. Petroli haifai, kwa kuwa mvuke wake hushika moto upesi. Brashi ya waya wa chuma itumike kwa chuma tu. Kwa shaba na alumini tumia brashi laini.

Yako mambo mawili ya kukumbuka katika breki. Kwanza, mipira ya breki isiguswe na mafuta ya taa, petroli wala grisi ya kawaida. Mpira wa breki hufura kwa mafuta hayo na kukwama. Husafishwa kwa spiriti au kwa mafuta ya breki mapya. Pili, viatu vya breki vya zamani vingi vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huleta maradhi ya mapafu. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Liloweshe maji, lipanguse kwa kitambaa kibichi, na kitambaa hicho kikafukiwe mbali na watoto.

Jambo la tatu: kutoa kutu

Kwa bolti za kawaida, bawaba na vitasa, siki yatosha. Loweka usiku mmoja, sugua, kisha suuza katika maji yaliyotiwa magadi ili ukali wa siki umalizike. Kausha upesi na upake mafuta, la sivyo kutu itarudi kabla ya adhuhuri. Springi na bolti za chuma kigumu zisilowekwe katika siki wala tindikali nyingine. Chuma cha namna hiyo huweza kupata udhaifu wa ndani usioonekana, kikavunjika ghafula kikiwa na mzigo.

Njia ya pili ni ya umeme. Chukua ndoo ya plastiki, tia maji safi na soda ya kufulia, kijiko kimoja kwa kila lita. Kipande chenye kutu kifungwe kwenye waya wa hasi wa chaja ya betri ya volti 12. Kwenye waya wa chanya funga kipande cha chuma kikuukuu. Viwili hivyo visigusane. Washa chaja, uache kwa saa kadhaa. Kutu hugeuka matope meusi yanayofutika kwa brashi.

Kazi hiyo ifanywe nje penye upepo, mbali na moto, maana gesi itokayo hulipuka. Zima chaja kabla ya kutia mkono. Kwenye chanya usitumie chuma kisichoshika kutu, kama vile kijiko cha mezani, kwa sababu maji yake hugeuka sumu. Vipande vya alumini visitiwe kabisa. Nasi watu wa visiwani tujihadhari na jambo moja zaidi: tusitumie maji ya bahari wala kuongeza chumvi. Chumvi ikipitiwa na umeme hutoa hewa ya klorini, nayo huunguza kifua.

Jambo la nne: kuchambua

Baada ya kusafisha, panga vipande mafungu matatu juu ya meza: vya kurudisha kama vilivyo, vya kupaka rangi, na vya kutupa. Bolti iliyovutika shingo, iliyokula meno, au iliyoliwa na kutu hata ikawa nyembamba, ni ya kutupa. Vilevile kuna vitu visivyorudishwa hata vikionekana vizuri: kotapini zilizokwisha kunjwa, mipira ya breki, na washa za kukaza zilizolala bapa. Washa za shaba nyekundu zaweza kutumika tena zikichomwa mpaka ziwe nyekundu na kutiwa majini, kwani shaba hulainika kwa njia hiyo.

Twasisitiza habari ya kotapini. Ni desturi mbaya kuweka msumari mahali pake. Msumari haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Hukunjwa mara moja, hupata ufa, na mtikisiko wa barabara humalizia. Kotapini mpya ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika lori zima. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo la tano: kukinga

Hapa yatupasa tutofautiane kidogo na ndugu zetu wa Mwanza. Ziwa lao ni la maji matamu, na hewa yake haina chumvi. Bolti iliyopakwa mafuta tu yaweza kukaa kule muda mrefu. Kwetu upepo wa bahari huanza kazi siku ileile. Kwa hiyo tusiige kila kitu walichokifanya.

Bolti mpya za nje tununue zilizopakwa zinki. Bawaba, mikono na vibati vipigwe msasa, vipanguswe kwa spiriti, vipakwe rangi ya chini yenye zinki, kisha rangi ya juu mara mbili, kila mara nyembamba, na kila tabaka likauke barabara. Rangi nene hukauka juu tu, na chini hubaki mbichi.

Rangi haitakiwi mahali patatu. Kwanza, kwenye meno ya bolti. Pili, pale chuma kinapokutana na chuma na kukazwa, hasa gurudumu na kitako chake. Rangi iliyobanwa hapo husagika, nafasi ikabaki, na nati ikalegea. Tatu, pale waya wa umeme unapofungwa kwenye bodi. Hapo ping'arishwe mpaka chuma kionekane, pafungwe, ndipo pakingwe kwa grisi juu yake.

Jambo la sita: kurudisha

Malori ya zamani yana meno ya bolti ya namna mbalimbali. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilipatana meno ya aina moja, lakini bolti za mtindo wa kale wa Whitworth hazikutoweka, na baadaye zikaja za milimita. Mathalan, bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina meno 12 kwa inchi moja, na ile ya mapatano, ya meno mapana, ina 13. Bolti ya milimita 8 nayo huingia mizunguko michache katika tundu la inchi 5/16, kisha hukaza. Mtu asiyejua hudhani imefika mwisho, kumbe imeharibu meno.

Kwa hiyo kanuni ni hii: kila bolti ianzwe kwa vidole, si kwa spana. Ikikataa, itoe uitazame. Meno yapakwe grisi kidogo ili siku nyingine yafunguke, ila bolti za magurudumu na za breki zifuatwe kama kitabu cha lori kisemavyo. Nati za gurudumu zikazwe kwa kuvuka upande huu na ule, si kwa kuzunguka mfululizo. Tukumbuke pia kwamba malori mengi ya Kiingereza ya zamani yana nati za magurudumu ya kushoto zinazokazwa kinyume. Wengi wamezikata wakidhani wanazifungua.

Ukimaliza, tazama meza. Ikibaki bolti moja, lori halijamalizika. Rudi kwenye daftari na picha mpaka upate mahali pake. Baada ya safari fupi ya kwanza bila mzigo, kaza tena nati za magurudumu, kisha kagua kotapini moja moja kwa jicho na kwa kidole.

Ndugu Wanachama, lori la shamba ni amana. Wachumaji wapandao hawaijui hali ya pini zake, wamemwamini mwenye lori. Chama kinashauri kila tawi lenye lori kuukuu lianze kazi hii sasa, kabla ya msimu, wakati mikono ina nafasi. Makopo na daftari havina gharama kubwa.

Maswali ya kuzungumza matawini

1. Kwa nini vibati vya namba ni bora kuliko karatasi?
2. Ni vipande gani visivyolowekwa katika siki, na kwa sababu gani?
3. Taja mahali patatu pasipopakwa rangi.
4. Kwa nini kinga itoshayo Mwanza haitoshi kisiwani kwetu?
5. Lori la tawi lenu lina kotapini ngapi katika breki na usukani, na nani alizitazama mara ya mwisho?

Swali la tano lisijibiwe mkiwa mmekaa kitako. Nendeni mkatazame, kisha mtuletee majibu kwa maandishi.

Wasalaam,
Katibu wa Chama