SOMO LA KIKUNDI: INJINIA AKIMWANDIKIA MWENYE ARDHI KUHUSU MAKAA YA MAWE



Somo letu safari hii ni la kusoma barua. Wengi wetu tukipokea barua iliyopigwa chapa vizuri, yenye mhuri na jina la injinia pale chini, huwa tunatafuta mahali pa kutia sahihi kabla ya kumaliza ukurasa wa kwanza. Tangu serikali ilipoanza kuchimbua bonde la Mui, Kitui, mwaka 1999 ikitafuta makaa ya mawe, na ikayapata, swali limekuwa likiulizwa kwenye mikutano: mtu mwenye shamba juu ya makaa akiandikiwa na injinia, aangalie nini katika ile barua?

Sisi hapa Kenya hatuna mazoea ya jambo hili. Kwa hiyo twende kwanza mbali, kaskazini mashariki ya Uingereza, sehemu za Durham na Northumberland. Watu wa huko walikodishana makaa ya mawe kwa miaka mingi hata wakajua hila zote. Halafu tutarudi Kitui.

Kule, kwa kawaida, makaa yalikuwa mali ya mwenye ardhi, hata yakiwa futi mia sita chini ya ng'ombe wake. Lakini wengi wa wenye ardhi hawakuchimba wenyewe. Walikodisha kwa wafanyabiashara na wakangoja malipo. Tusifikiri ni matajiri wa kidunia tu. Askofu wa Durham alikuwa na ardhi kubwa yenye makaa, na Kanisa Kuu la Durham pia. Kanisa Kuu lilikodisha kwa miaka 21, na kila baada ya miaka 7 mpangaji aliweza kurudisha muda wake ukawa 21 tena, akilipa ada. Kwa hiyo hata wakuu wa Kanisa la Anglikana walipaswa kujua kusoma barua za namna hii.

Kati ya mwenye ardhi na mchimbaji alisimama injinia. Watu wa huko walimwita "mtazamaji", maana kazi yake ilikuwa kushuka shimoni, kutazama, kupima na kuandika. Anayejulikana sana ni John Buddle, aliyezaliwa 1773 na kufa 1843. Alisimamia mgodi wa Wallsend kuanzia 1806, na kutoka 1819 akawa msimamizi wa migodi ya Lord Londonderry. Migodi ile hasa ilitoka kwa familia ya mke wa huyo Lord, ambaye mwenyewe mara nyingi alikuwa London au nchi za nje. Basi Buddle alimwandikia barua nyingi mno, na mpaka leo zimehifadhiwa. Zinahusu tani zilizotoka, pesa zilizoingia, maji, hewa chafu, migomo ya wafanyakazi, na madeni ya mheshimiwa.

Hapo tusimame kidogo. Buddle alikuwa fundi hodari. Alibadilisha jinsi hewa inavyopitishwa chini ya ardhi, na 1816 alikuwa kati ya watu wa kwanza kuijaribu shimoni taa ya usalama ya Humphry Davy. Lakini alifanyia kazi matajiri wengi kwa wakati mmoja, tena alikuwa na hisa zake katika migodi kadhaa. Alikuwa pia mtu mkubwa katika mapatano ya wenye migodi ya kupunguza makaa yanayopelekwa London ili bei isianguke. Sisemi alikuwa mwongo. Nasema mwenye ardhi aliyepata barua kutoka kwa mtu wa namna hiyo alikuwa na haki ya kuuliza: leo ananiandikia akiwa mtu wa nani?

Wenye ardhi wenye akili walilijua jambo hili. Ndiyo maana mikataba yao ilikuwa na kifungu kinachomruhusu mwenye ardhi kutuma mtazamaji wake mwenyewe, kwa gharama yake, ashuke mgodini, apime na kuchora ramani, kisha amwandikie yeye. Mchimbaji alikuwa na injinia wake, na mwenye ardhi alikuwa na wake. Barua mbili zikiwekwa mezani, ukweli unaanza kuonekana katikati.

Sasa tuingie ndani ya barua yenyewe. Injinia karibu kila mara huanza na uzuri wa makaa: unene wa tabaka, kina chake, jinsi yanavyowaka. Mambo haya yana maana, lakini si hayo yanayoleta pesa nyumbani. Tafuta kwanza hili: mchimbaji asipochimba, analipa nini?

Kule Durham walikuwa na "kodi ya hakika". Ni kiasi kinacholipwa kila mwaka, makaa yatoke yasitoke. Kumbukeni yale mapatano ya kupunguza makaa. Mchimbaji angeweza kukodi shamba lako ili tu jirani asilipate, halafu akae kimya miaka kumi. Kama mmepatana malipo ya kila tani peke yake, hupati kitu, na shamba limefungwa. Kodi ya hakika ndiyo ilimsukuma achimbe au aondoke.

Ilikuwa na hesabu yake. Tuchukue mfano wangu tu, kwa shilingi zetu. Kodi ya hakika ni shilingi 500,000 kwa mwaka, nayo inalipia tani 10,000 kwa shilingi 50 kila tani. Mwaka wa kwanza mchimbaji anatoa tani 6,000. Analipa 500,000 ile ile. Mwaka wa pili anatoa tani 14,000. Je, alipe 700,000? Hapana. Mikataba mingi ilimruhusu kufidia zile tani 4,000 alizolipia bila kuzichimba, kwa hiyo analipa tena 500,000. Ni haki, lakini ulizeni: anaruhusiwa kufidia kwa miaka mingapi? Kama ni muda wote wa mkataba, anaweza kuchimba kidogo miaka ya kwanza, halafu achimbe sana baadaye huku mkishangaa kwa nini malipo hayapandi.

Jambo la pili ni kipimo. Malipo ya Durham yalihesabiwa kwa "kumi". Jina ni rahisi, lakini "kumi" moja ilikuwa karibu tani 50 za makaa, na haikuwa sawa kila mahali. Mwenye ardhi huyu alikuwa na kumi yake, na jirani yake nyingine. Barua ingesema "nitakulipa zaidi kwa kila kumi kuliko fulani", na mtu akafurahi, kumbe kumi yake ni kubwa zaidi. Wale wanaouza mchanga wanajua habari hii. Tunasema "lori moja", na lori ni la tani saba au la tani ishirini, na bei ni ya lori. Andikeni tani. Andikeni pia ni mizani ya nani, iko wapi, na nani wa kwenu anasimama hapo makaa yakipimwa.

Halafu kuna njia. Makaa yakitoka shimoni lazima yafike mtoni au baharini, na kule yalipita juu ya reli katika mashamba ya watu. Mtu asiye na makaa hata kidogo alilipwa kwa sababu mabehewa yalipita kwake, na wengine walidai sana mpaka wachimbaji wakalia. Barua ikisema tu "pamoja na haki ya kupita", usiiruke. Ni kupita wapi, kwa upana gani, na je, makaa ya mgodi wa jirani yatapita kwako bure? Mikataba ya zamani ilitaja hata makaa ya jirani yanayopitishwa chini kwa chini na kutolewa kwenye shimo lako, na hayo yalikuwa na malipo yake.

Maneno mengine ya injinia yanahitaji kutafsiriwa kwa Kiswahili cha shambani. Akiandika kwamba "nguzo zitatolewa mwishoni", maana yake ni hii. Chini ya ardhi wachimbaji huacha makaa yasimame kama nguzo za kushika paa. Makaa ya nguzo ni pesa, kwa hiyo mwisho wa kazi huzitoa pia. Paa huanguka. Juu, shamba hudidimia, nyumba hupata nyufa, na maji ya mvua hukusanyika mahali ambapo hayakuwa yakikusanyika. Injinia hakudanganya, ila aliandika habari za chini tu, na wewe unaishi juu.

Na kuna maji. Sehemu hii ndiyo iliyoua watu. Tarehe 3 Mei 1815, katika mgodi wa Heaton karibu na Newcastle, wachimbaji walifika karibu na mashimo ya zamani yaliyokuwa yameachwa na kujaa maji. Maji yakapasua na kuingia. Watu 75, wanaume na wavulana, walikufa humo ndani. Ilichukua kama miezi tisa mpaka miili ikafikiwa. Msimamizi wa mgodi huo alikuwa Buddle mwenyewe. Ilijulikana kwamba mashimo ya zamani yako upande ule, lakini hapakuwa na ramani ya kuaminika ya kuonyesha yameishia wapi. Waliochimba zamani walimaliza, wakaondoka na habari zao.

Buddle hakulisahau. Mwaka 1834 alishauri kwamba ramani za migodi zikusanywe na kutunzwa mahali pamoja. Sheria ya kulazimisha ramani za migodi iliyoachwa zipelekwe serikalini ilikuja 1872, naye amekwisha kufa zamani. Kwa hiyo katika barua yoyote ya kuchimba, iwe makaa, iwe mawe ya kujengea, tafuteni neno ramani: nani atachora, nakala itabaki kwa nani, na mchimbaji akiondoka nani atafukia shimo na kwa pesa za nani. Nionavyo mimi, kifungu hiki kina thamani kuliko shilingi mbili za nyongeza kwa tani.

Mpango huo wa Uingereza ulikwisha. Sheria ya 1938 iliamua makaa yote yanunuliwe, na tangu Julai 1942 yakawa mali ya umma. Wenye ardhi, pamoja na Kanisa lao, walilipwa fidia ya zaidi ya pauni milioni 66.

Hapa ndipo tunarudi nyumbani, maana kwetu pia makaa si ya mwenye shamba. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema madini yote ni ya umma, na serikali ya taifa inayashika kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya mahali madini yanapotoka. Kwa hiyo mtu akikuandikia kwamba anataka "kukodi makaa yako", ama hajui sheria ama anataka kukupotosha. Lakini yule anayekuambia "makaa si yako, basi huna la kusema", huyo pia si wa kusikilizwa. Shamba la juu lenye hati ni lako. Sheria hiyo hiyo inataka ridhaa ya mwenye ardhi ya binafsi, na kuna fidia ya hasara. Kama ni ardhi ya jamii iliyosajiliwa, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mapatano na mwekezaji hayana nguvu mpaka theluthi mbili ya watu wazima wakubali katika mkutano ulioitishwa kwa jambo hilo. Wazee watatu na chifu si theluthi mbili.

Bonde la Mui liligawanywa sehemu nne, A mpaka D, na Desemba 2013 mkataba wa sehemu C na D ulitiwa sahihi na kampuni kutoka China. Miaka mingi ikapita bila mgodi. Mama anayengoja kuhamishwa ajenge choo au asijenge? Apande miembe? Hapa ndipo ile kodi ya hakika inatufundisha kitu, hata kama makaa si yetu: kungoja kuna gharama, na mtu anayekungojesha anaweza kuombwa aandike tarehe, na aandike atalipa nini tarehe ikipita.

Mtasema, Lord alikuwa na pesa ya kuajiri mtazamaji wake, sisi tutatoa wapi? Mtu mmoja hawezi, ni kweli. Lakini boma arobaini zikichanga, mpimaji wa ardhi mwenye leseni analipika, na wakili wa kusoma mkataba siku moja pia. Mchango huo ufanywe kabla ya sahihi.

Kwa majadiliano, gawanyikeni watu watano watano. Kundi la kwanza lijiweke mahali pa injinia na kutunga barua fupi kwa mwenye shamba, ikiwa na maneno mazuri na mambo mawili yaliyofichwa. Kundi la pili liyatafute. Halafu mbadilishane. Baada ya hapo, yeyote aliye na mkataba wa kweli nyumbani, wa mchanga, wa mawe, wa mlingoti wa simu, aulete mkutano ujao. Katibu ausome kwa sauti, sentensi moja moja, na kila mmoja aseme ameelewa nini kabla mwenyekiti hajasema neno.