SOYA: Protini ya Bei Nafuu, Ila Ijue Kwanza

Chukulia hela ya nyama hakuna, na mdogo wako wa miaka miwili anakunywa uji mtupu wa mahindi asubuhi na jioni. Shibe anapata, lakini mwili wake hauna cha kujengea. Soya inaweza kusaidia, tena sana, mradi ujue kuitayarisha.

Kwa nini soya?
Gramu 100 za soya kavu zina protini kama gramu 36. Maharage makavu yana kama gramu 22. Halafu kuna siri nyingine: mahindi yana upungufu wa lisini, moja ya vijenzi vya protini, na soya inayo kwa wingi. Soya nayo ina methionini kidogo, na hapo mahindi yanaijazia. Kwa hiyo vikiliwa pamoja vinasaidiana.

Hatari iko wapi?
Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo lisimeng'enye protini. Ukisaga soya mbichi na kukoroga uji wa dakika tano, unaweza kumwumiza mtoto tumbo, na protini yenyewe ikapotea bure. Dawa yake ni moto wa kutosha.

Fanya hivi:
1. Chagua soya, toa mbovu na zenye ukungu, kisha osha.
2. Chemsha maji. Yakitokota ndipo utie soya, zichemke dakika 30.
3. Mwaga maji, zipikiche kwenye maji baridi maganda yatoke.
4. Anika mpaka zikauke kabisa, kaanga kidogo.
5. Changanya vikombe 4 vya mahindi na kikombe 1 cha soya, peleka mashineni. Soya ina mafuta. Ikisagwa peke yake huwa inanata.

Na ile "nyama ya soya"?
Vile vipande vikavu vya dukani si nyama. Ni unga wa soya uliokamuliwa mafuta, ukasukumwa kwenye mashine yenye joto na mgandamizo mkali. Unga huo una protini karibu nusu ya uzito wake. Lakini usidanganyike: vipande vikilowekwa vinajaa maji, kwa hiyo kila kijiko kina protini kidogo kuliko ulivyodhani. Pia soya haina vitamini B12 kama nyama. Ukipata yai au dagaa, usiviache.

Viwandani je?
Protini ya soya ikichujwa hufikia asilimia 90, na hutiwa kwenye soseji na vyakula vingine. Imetumika pia kwenye gundi ya plaiwudi na kupaka karatasi. Miaka ya 1930 kampuni ya Ford ya Marekani ilitengeneza baadhi ya vipuri vya magari kwa plastiki yenye soya!

Usisahau
Mtoto chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu. Maziwa ya soya ya kutengeneza nyumbani hayachukui nafasi yake. Wapo wanaodhurika na soya: ukiona vipele, midomo kuvimba au kupumua kwa shida, acha na uwahi hospitali. Na mtoto akivimba miguu yote miwili, usingoje uji umponye. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Jadilini na wenzenu
- Kilo ya soya na kilo ya nyama ni bei gani sokoni kwenu?
- Nani nyumbani anaamua mtoto ale nini? Utamwambiaje haya?