Bata Mzinga: Maswali ya Kujiuliza Kabla ya Kununua Vifaranga

Wafanyakazi wengi wa maofisi ya Posta na wafanyabiashara wa Kariakoo wana kiwanja Chanika, Mbagala, Kigamboni au Kibaha, na kila Krismasi inapokaribia huwaza kufuga bata mzinga. Ni ndege anayelipa, lakini anayemfuga kama kuku hupata hasara mapema. Faida yake kwa sehemu kubwa huamuliwa katika wiki nane za mwanzo, kwa chakula na usafi, na ndiyo maana maelezo haya yametulia zaidi hapo.

Naishi ghorofani Kariakoo. Naruhusiwa kufuga huku huku mjini?

Ufugaji mijini husimamiwa na sheria ndogo za halmashauri, na kata za Kariakoo, Kisutu na Kivukoni ziko chini ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Kabla ya kupigilia hata msumari mmoja wa banda, pita ofisi ya serikali ya mtaa kisha umwone afisa mifugo wa kata, kwa sababu masharti ya nafasi, maji taka na kelele hutofautiana kati ya halmashauri moja na nyingine. Ni haki yako kuelezwa masharti hayo waziwazi na kupewa stakabadhi kwa kila malipo.

Kwa ukweli, kibaraza cha ghorofa si mahali pa ndege huyu. Mkubwa mmoja au wawili huhitaji mita moja ya mraba ndani ya banda, pamoja na uwanja wa kutembea nje.

Je, vifaranga wa bata mzinga wanaweza kula chakula cha vifaranga wa kuku?

Watakula, lakini hakitawatosha. Kifaranga wa bata mzinga huhitaji chakula chenye protini, yaani kile kirutubisho kinachojenga mwili, cha asilimia 26 hadi 28 katika wiki nane za mwanzo. Chakula cha kuanzia cha kuku wa nyama kwa kawaida huwa na asilimia 20 hadi 23. Upungufu huo hauonekani siku ya kwanza. Huonekana wiki ya tatu, miguu inapolegea na manyoya yanapochelewa kuota.

Ukiwa na chakula cha kuku peke yake, kiongezee nguvu kwa dagaa waliosagwa na soya iliyokaangwa kisha ikasagwa. Soya mbichi usiwape, kwa sababu ina vitu vinavyozuia protini isimeng'enywe tumboni.

Nikitaka kuchanganya mwenyewe, nipime vipi?

Kwa kilo 100 za chakula cha kuanzia: mahindi yaliyoparazwa kilo 42, mashudu ya soya kilo 38, dagaa kilo 10, mashudu ya alizeti kilo 5, na kilo 5 zilizobaki ziwe chokaa ya mifugo, unga wa mifupa, chumvi kidogo na premiksi, yaani mchanganyiko wa vitamini na madini. Mchanganyiko huu hufikia takriban asilimia 27 ya protini, mradi viungo viwe safi. Premiksi na chumvi upime kwa kufuata maelekezo ya pakiti, si kwa kiganja.

Baada ya wiki ya nane punguza soya na dagaa taratibu na uongeze mahindi, ukishuka hadi asilimia 22 na baadaye 18 au 16 ndege anapokaribia kuuzwa. Hapo ndipo majani nayo yanaanza kusaidia: mchicha, matembele, na majani ya nje ya kabichi yanayobaki sokoni Kariakoo, mradi yasiwe yameoza na yawe yameoshwa.

Dagaa wa bei rahisi wana ubaya gani?

Mara nyingi unanunua mchanga. Jaribu hivi hapo hapo dukani: omba kiganja kimoja cha dagaa waliosagwa, kitie kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika moja. Nyama itaelea au kuning'inia majini na mchanga utatulia chini, nawe utaona kwa macho ni kiasi gani cha fedha yako kimekwenda kwenye mchanga.

Waliokaushwa kwa chumvi nyingi waepuke pia. Chumvi ikizidi humdhuru kifaranga wa bata mzinga haraka kuliko unavyodhani, hasa maji yakiwa haba.

Mahindi yenye ukungu kidogo si ya mifugo tu?

Imani hii imeenea, na inaeleweka ilikotoka, maana mahindi ya aina hiyo huuzwa kwa bei ya chini kwa jina la mahindi ya mifugo. Lakini bata mzinga ni miongoni mwa ndege wanaoathirika zaidi na sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na aina fulani za ukungu kwenye nafaka, karanga na mashudu. Kwa hakika dunia iliifahamu sumu hii kupitia ndege huyu: mwaka 1960 nchini Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, wengi wakiwa wadogo, na uchunguzi ukafikia mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Hapa kwetu, mwaka 2016 sumu hiyo hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kupepeta, kuosha au kupika hakuiondoi yote. Ukungu ukifutika, sumu inaweza kubaki. Pasua punje kadhaa kutoka katikati ya gunia, si juu tu: ukiona rangi ya kijani, kijivu au nyeusi ndani, au ukisikia harufu ya uvundo, acha gunia hilo. Nyumbani, chakula kikae juu ya mbao, mbali na ukuta, hasa miezi ya masika ambapo hewa ya Dar es Salaam haikauki.

Kwa nini vifaranga hufa siku za mwanzo hata chakula kikiwepo?

Wengi hufa kwa njaa huku chakula kiko mbele yao. Kifaranga wa bata mzinga ni mzito wa kujifunza kula, na haoni vizuri penye mwanga hafifu. Siku tatu za kwanza mwangaza uwe mkali, chakula kitandazwe kwenye trei bapa, na kila mmoja achovywe ncha ya mdomo kwenye maji mara anapofika. Majani mabichi yaliyokatwakatwa juu ya chakula, au gololi safi ndani ya chombo cha maji, huwavuta kudonoa.

Jioni washike mmoja mmoja na uguse gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo. Likiwa limejaa na laini, amekula. Likiwa tupu, mtenge na umlishe kwa mkono usiku huo huo.

Dar ni joto. Kuna haja ya kuwapa joto lingine?

Ndiyo. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi joto 35 hivi, na jiji letu halifiki hapo usiku. Punguza nyuzi tatu kila wiki, ukiwatazama wao kuliko kipimo: wakirundikana, wanahisi baridi, wakikimbilia kuta huku wakihema, joto limezidi.

Wanaotumia jiko la mkaa wawe waangalifu sana. Moshi wake una hewa ya sumu isiyonuka, inayoua ndege na binadamu, kwa hiyo tundu la hewa lisizibwe na mtu asilale chumba hicho. Jiko lizungushiwe wavu wa chuma, kwa sababu maranda hushika moto haraka.

Nina kuku nyumbani. Nikiwachanganya kuna tatizo?

Lipo, na ni kubwa. Kuku anaweza kubeba, bila kuumwa sana, minyoo inayosambaza ugonjwa uitwao histomoniasi, ambao wengine huuita kichwa cheusi. Humshambulia bata mzinga kwenye utumbo na ini, na kinyesi hugeuka njano kama salfa. Hauna chanjo, na tiba ya uhakika haipo.

Watenganishe kabisa: banda lao, vyombo vyao, viatu vyako vya kuingilia. Usiweke bata mzinga kwenye uwanja waliokaa kuku karibuni. Wapo wanaowawekea kifaranga wa kuku awafundishe kula, na nia yao ni njema, lakini kwa sababu hii hii hatushauri.

Chanjo gani ni ya lazima?

Ya kideri, ambacho wengi hukiita mdondo. Chanjo inayostahimili joto, TEMEVAC, hutengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) katika kituo chake cha Kibaha. Huwekwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ongeza chanjo ya ndui, kwa ratiba ya mtaalamu wako.

Ukinunua chanjo kwenye maduka ya dawa za mifugo ya Kariakoo, ibebe ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Kustahimili joto hakumaanishi kukaa saa nzima kwenye mkoba ndani ya daladala ya Gongo la Mboto saa nane mchana.

Tunasikia shubiri na pilipili zinatibu kideri, na kwamba ARV na homoni hunenepesha.

Kideri husababishwa na kirusi, na hakuna dawa, ya kiwandani wala ya kienyeji, inayokiponya; kinga ni chanjo peke yake. Anayewapa ndege wake maji ya shubiri si wa kulaumiwa, ila asiyachukue kuwa badala ya chanjo.

ARV ni dawa za watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kuwapa ndege ni kumnyima mgonjwa dawa yake na kuwalisha walaji mabaki ya dawa. Kuhusu homoni, ukubwa wa bata mzinga hutokana na mbegu na mlo, na dume kwa asili huweza kufikia karibu mara mbili ya uzito wa jike.

Nimeambiwa vifaranga wa nje ni bora. Niagize?

Usipitishe vifaranga mpakani kinyemela. Serikali iliweka zuio la kuingiza kuku na vifaranga mwaka 2006 kwa hofu ya mafua makali ya ndege, na mwaka 2017 vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya waliteketezwa Namanga. Muulize kwanza afisa mifugo kuhusu utaratibu wa vibali, na kwa mfugaji mdogo nunua kwa mtu aliye karibu ambaye unaweza kwenda kuwaona wazazi wa vifaranga hao bandani.

Faida inahesabiwaje?

Anza na chakula. Kwa mfugaji mdogo, kadiria kilo tatu hadi nne za chakula kwa kila kilo moja ya uzito. Ndege wa kilo 8 atakuwa amekula kilo 24 hadi 32, na ndege kumi ni karibu mifuko mitano hadi saba ya kilo 50. Zidisha kwa bei ya wiki hii, ongeza gharama ya vifaranga, chanjo, nishati na usafiri, kisha gawa kwa idadi ya ndege watakaofika sokoni, si walionunuliwa.

Kwa soko la Krismasi hesabu wiki 20 hadi 24 kurudi nyuma: vifaranga waingie bandani kati ya mapema Julai na mapema Agosti. Ndege aliyekwisha kukomaa ukimweka hadi Februari anaendelea kula bila kuongeza uzito wa maana.

Nikiuza Kisutu, Kariakoo au hotelini, nina haki gani?

Ukiuza kwa kilo, dai mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, na usimame uone namba. Hoteli za Posta huhitaji nyama iliyokaguliwa kutoka machinjio yanayotambulika, pamoja na risiti, basi kubalianeni kwa maandishi uzito, bei na siku ya malipo kabla ya kuchinja. Mlaji naye ana haki yake: ndege aliyepewa dawa asiuzwe kabla muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo haujaisha.

Ukinunua chakula cha mifugo, dai mfuko wenye jina la mtengenezaji, viambato na tarehe, na utunze risiti. Bila risiti malalamiko yako kwa Tume ya Ushindani yatakuwa magumu kuyathibitisha.

Naweza kuwafunga miguu na kuwaning'iniza kwenye bodaboda?

Hapana. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama wakati wa kumsafirisha, na ndege wa kilo 8 akining'inizwa kichwa chini huteguka nyonga na hushindwa kupumua vizuri. Tumia tenga pana, asubuhi na mapema au jioni. Ukivuka wilaya, chukua kibali cha kusafirisha mifugo kutoka halmashauri unakotoka. Gharama yake hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi.

Ndege wangu wanakufa ghafla. Nifanye nini?

Usiwauze walio hai kwa haraka ili kuokoa mtaji, na mizoga usiitupe mtaroni wala kwenye dampo. Vaa glavu, funga mzoga mmoja ndani ya mifuko miwili, uweke kwenye barafu na uupeleke siku hiyo hiyo maabara ya TVLA Temeke. Iliyobaki ichome au ifukie shimo refu, na umjulishe afisa mifugo wa kata. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inataka taarifa hiyo itolewe, na jirani yako mwenye kuku kumi anaihitaji mapema kama wewe.