MGUNGA WA MBUGANI NA SISIMIZI WAKE

Msomaji aliyepata kupita katika mbuga za udongo mweusi za Shinyanga wakati wa upepo amesikia migunga mifupi ikipiga miluzi. Sauti hiyo hutoka katika vifundo vilivyo chini ya miiba. Kila kifundo kina uwazi ndani, na sisimizi wamekitoboa tundu la mlango. Upepo upitapo, hulia kama filimbi.

Sisimizi hao hawakai bure. Mti huwapa nyumba, tena huwapa maji matamu yatokayo katika vikonyo vya majani. Nao huulinda: mbuzi au twiga avutapo tawi, hutoka kwa wingi wakamwuma midomo na pua. Hata ndovu, ijapokuwa ana nguvu nyingi, huuepa mgunga wenye jeshi kamili.

Je, mapatano haya hudumishwa na nini, maana mti na mdudu hawana baraza wala hawajui kuapa? Wataalamu walitafuta jibu huko Laikipia, Kenya, kwenye migunga ya namna ile ile. Mwaka 1995 walizungushia ua sehemu za mbuga, wanyama wakubwa wasiingie. Mtu angedhani kwamba miti iliyoepushwa na meno ya wanyama itastawi. Baada ya miaka 10 ilionekana kinyume. Mti usioliwa ulipunguza vifundo na maji matamu, kama mwenye shamba apunguzaye ujira kwa kuwa haoni kazi. Sisimizi walinzi wakalegea, wakazidi kufuga wadudu wadogo wanyonyao utomvu wa mti ule ule. Kwingine walishindwa na sisimizi wa kabila jingine, wasioulinda mti, ambao hukaa katika matundu yaliyotobolewa na mabuu ndani ya shina. Migunga iliyotwaliwa na hao ilikua polepole, na mingi zaidi ikafa. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2008.

Mtu asidhani kwamba nazilaumu ngitili. Ngitili hufungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi kikali, ng'ombe wakaingia. Si ua wa miaka 10 usiokanyagwa na ukwato.

Mwalimu atakaye kuwaonyesha wanafunzi jambo hili na awapeleke mbugani, agonge tawi kwa fimbo ndefu, nao wakadirie wingi wa sisimizi watokao. Kisha wagonge mgunga mwingine ulio mbali na njia ya mifugo, walinganishe. Lakini wasisimame chini ya tawi, kwani sisimizi hao huanguka na kupenya ndani ya nguo, nami yamenipata hayo.